Siku Nilipozungusha Delko

Picha mmeshaiona, najua. Ile ya bibi kizee aliyekaa chini barabarani, miguu mbele kama mtoto anayelishwa uji, uso mweusi tii mpaka yanaonekana meno tu, na mtandio mweupe umegeuka kitambaa cha kushikia sufuria. Ni mimi. Imezunguka kwenye simu za Nyakabanda yote, imefika mpaka Niboye kwa mwanangu Saidi, akanipigia kuuliza kama nimeungua, na kabla sijajibu nikamsikia anacheka. Kwa hiyo nimeona bora niseme mwenyewe, maana Bi Mwajuma anaisimulia kila siku pale dukani kwake na kila siku anaongeza chumvi, jana nimesikia ati nilirushwa juu na bomba la gari (sikurushwa, nilikaa, tena polepole).

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini habari za injini msinifundishe. Marehemu mume wangu Musa, Mungu amrehemu, alikuwa fundi kule Buyenzi, Bujumbura, tulikokaa miaka mingi kabla ya kurudi Kigali, na alikuwa na gari lake dogo jekundu la mashindano ambalo alilipenda kuliko mama yake mzazi, na kama ni kuliko mimi pia, sikumwuliza. Makelele ya injini yalimla masikio. Alipofika miaka arobaini ilibidi umvute shati ndiyo ajue chakula kiko mezani. Sasa fundi asiyesikia atatengenezaje gari? Alikuwa ananiita. Natoka jikoni mikono ina unga, nainama, naweka sikio karibu na injini, yeye anazungusha delko kidogo kidogo (delko ni kile kikombe cheusi chenye nyaya kinachogawa moto, ukikizungusha huku cheche zinawahi, ukikizungusha kule zinachelewa), na mimi nasikiliza mpaka injini inaacha kukohoa na inaanza kuimba, hapo namgonga begani namwambia, "Hapo." Anakaza nati. Mimi narudi kwenye unga wangu. Miaka thelathini nilikuwa masikio ya mtu, na sijawahi kuona aibu kulisema hilo msibani wala harusini.

Musa alipofariki gari alimwachia Zuhura, binti wa Saidi. Huyo mjukuu wangu ana miaka ishirini na minne, amesomea ufundi, anafanya kazi Gatsata kwenye garaji ya fundi Deo, na mikono yake ina grisi ambayo hata hina haikai. Kuna mashindano ya magari ya zamani hapa, moja moja yanapanda barabara ya mlimani nje kidogo ya mji, yanapimwa kwa saa. Mara ya kwanza Zuhura alipoomba kuingia walisema gari limechakaa. Mara ya pili walisema dereva bado mdogo. Kwamba ni msichana hawakusema, lakini mimi nina macho. Safari hii walimkubali, na mzee mmoja wa kamati akatamka mbele yetu kwamba sawa, ajaribu, tuone kama hata atafika kwenye mstari wa kuanzia. Na sheria yao ni hii: namba yako ikiitwa mara tatu gari halijawaka, unatoka, basi. Mtoto hakulala wiki nzima.

Wiki hiyo yeye na Deo walilifungua lile gari kama wanamchuna mbuzi. Karibureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, waliitoa wakaiosha wakaipuliza kila tundu. Delko wakaiweka kwa taa fulani inayowaka na kuzima, ambayo Musa hakuwahi kuwa nayo. Mimi nilikuwa napika, nasikia kwa simu tu kwamba kazi inaendelea vizuri. Hakuna aliyekuja kuniita. Semeni mnavyotaka, lakini liliniuma. Nililia kidogo na vitunguu, nikasema ni vitunguu.

Siku yenyewe nilikwenda nimejipamba. Mtandio mweupe wa kutoka sandukuni, viatu vya kisigino, na nyuma yangu wanawake sita wa kikundi chetu cha kushona wamevaa kitenge kimoja na changu, nilichokikata mimi mwenyewe, chai kwenye chupa na mandazi kwenye beseni. Bi Mwajuma, mmoja wao, alikuwa mbele (huyo anauza vitambaa, ni rafiki yangu tangu tuko wasichana, na ulimi wake unakata kuliko mkasi). Nilikuwa nimewaambia wiki nzima: mtalisikia gari la Musa, litaimba.

Deo akaliwasha ili lipate moto. Halikuimba. Lilikuwa limesimama pale linatetemeka kama mtu mwenye malaria, bu-du-du, halafu kimya kidogo, halafu bu-du, mpaka taa za mbele zinacheza. Nikamvuta Deo kando. Deo ni mtu mzima, Mkatoliki mwenye tumbo na subira, alikulia Burundi kama sisi na alianza ufundi kwa Musa akiwa hajaota ndevu, sasa ana wajukuu. Nikamwambia gari linaumwa.

"Mama Saidi, gari iko sawa," akasema. "Gari ya mashindano haitulii ikiwa imesimama. Ingoje kwenye mlima."

Nikamwambia la Musa lilitulia. Akanitazama, akataka kusema neno, akalimeza. Kisha akasema anapeleka karatasi kwa watu wa kamati, Zuhura alikuwa ameshaitwa na madereva wenzake kuelezwa njia, kwa hiyo nikae na gari lingurume taratibu, na mtu yeyote asiliguse.

Nilikaa nalo. Mtu hakuligusa. Mimi sijihesabu, mimi ni mwenye mali.

Kwa kweli labda ningevumilia, lakini Bi Mwajuma alisogea, akainamisha kichwa, akasikiliza kama daktari, akasema kwa sauti ya kusikika na wenzake wote: "Hili ndilo la kuimba? Mbona linatikisika kama cherehani yenye sindano iliyopinda?"

Wakacheka. Na spana ilikuwa pale pale juu ya kitambaa, saizi ile ile ya nati ya delko, ninaijua kama ninavyokijua kijiko changu cha chumvi. Nikalegeza nati. Nikashika kile kikombe kwa mtandio maana kilikuwa cha moto, nikazungusha kidogo, injini ikaanza kunyooka, nikazungusha tena, ikanyooka zaidi na kupanda sauti kwa furaha, nikazungusha tena, na pale, wallahi, ikaimba. Ile sauti ya Buyenzi. Nilihisi kama mtu amesimama nyuma yangu. Nikakaza nati. Na kwa kuwa sasa ilikuwa inanguruma juu mno, nikachukua bisibisi nikaikaza ile skrubu ndogo ya pembeni ya karibureta mpaka ikashuka, nikajifuta mikono, nikamgeukia Bi Mwajuma.

"Sikia hiyo," nikamwambia. "Huo ni mkono wangu."

Akasikiliza, akakubali kwa kichwa, kitu ambacho hakifanyi mara mbili kwa mwaka. Zuhura akaja mbio, kofia ya chuma mkononi, akazima gari maana foleni ilikuwa ndefu, akaniambia asante Bibi kwa kulilinda. Nikasema karibu, bila wasiwasi wowote.

Magari yakaanza kupanda. Likipanda moja, watu wanapiga makofi, mwenye kipaza sauti anapiga porojo zake kwa lugha tatu. Ikaja zamu yetu. Namba ikaitwa, Zuhura akabonyeza kuwasha, na gari likasema nguu. Nguu. Kama ng'ombe aliyekataa kusimama. Injini ilikuwa inajipiga kinyume, unaisikia inarudi nyuma badala ya kwenda mbele, halafu karibureta ikapiga chafya, ulimi wa moto ukatoka juu, na Deo akauzima kwa kofia yake aliyopewa na mkwewe. Mwenye kipaza sauti akasema gari la namba yetu linaomba chai. Watu wakacheka.

Nilijua. Siwezi kuwadanganya, nilijua palepale, ila kichwa kilikuwa kinatafuta mkosaji mwingine: labda betri, labda petroli. Wakaita mara ya pili. Wakasema lisukumwe. Na mimi, badala ya kufungua mdomo, nikakimbia kusukuma. Nikawaita wanawake wangu, tukashika gari kwa nyuma, vitenge saba vinafanana, visigino vinazama kwenye udongo, na mimi kwa kuwa naona haya kuliko wote nikachukua nafasi mbaya kuliko zote, pale nyuma kabisa palipo na bomba la moshi. Likaenda, likaenda, Zuhura akaachia klachi, na petroli yote iliyokuwa imelundikana humo ndani bila kuungua ikaungua kwa mara moja. Pah. Sikuona kitu ila giza la moto. Nilipofungua macho nilikuwa nimekaa barabarani, simu zote za Kigali zimenielekea, na Bi Mwajuma amesimama juu yangu anauliza kama nimekufa. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeuliza bei.

Gari lilikuwa limezima tena. Mzee wa kamati, yule wa "tuone kama atafika," akasema wamsogeze pembeni, magari mawili yaliyobaki yapande, kisha wataita mara ya tatu na ya mwisho.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo Bi Mwajuma haisemi, kwa sababu haichekeshi. Zuhura alitoka kwenye gari, hakuvua kofia, na nilimwona macho tu, na hayakuwa na machozi, ningependa yangekuwa nayo. Akamwendea Deo.

"Fundi, jana usiku liliwaka mara kumi. Umegusa nini?"

"Sijagusa."

"Basi nani?"

Mtu mmoja kwenye umati akasema ndio mafundi wa Gatsata hao, na wengine wakaguna. Deo akainamia injini. Nikamwona kidole chake kinakwenda kwenye nati ya delko, kinasimama, maana spana ilikuwa imekwaruza na chuma kinang'aa. Akainua macho, akanitazama mimi na masizi yangu. Halafu akamgeukia Zuhura akasema, polepole, labda ni kweli nati hakuikaza vizuri, labda kosa ni lake.

Mtu mwenye wajukuu, mwenye jina lake pale Gatsata, alichukua uchafu wangu akajipaka. Na Zuhura akaamini. Alimwambia tu, "Nilikuamini, Deo," bila hata kusema fundi, akageuka. Bi Mwajuma, aliyekuwa anajua kila kitu, alikuwa ananitazama huku anatafuna andazi langu, na lile andazi alilitafuna polepole sana.

Hapo ndipo yule mwenye kipaza sauti akanijia. Nadhani aliona bibi mwenye uso mweusi, akaona mchezo mzuri. Akaniuliza kwa sauti ya mlima mzima, nyogokuru, yaani bibi, mmefika wapi na hili gari, unawaambia nini watu wako? Akanishikisha kipaza sauti.

Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ni mimi," nikasema, na mlima ukarudisha: mimi, mimi. "Nimezungusha delko mimi. Deo hakugusa kitu. Mtoto hakukosea kitu. Niondoeni mimi, gari mliache."

Nikasikia beseni la mandazi linawekwa chini. Kisha kicheko kikaanza nyuma kabisa kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati, na mimi nimesimama katikati, nimekishika kile kipaza sauti bado, sijui pa kukiweka. Zuhura alikuja. Nilijua atanipigia kelele, na nilikuwa tayari.

"Bibi," akasema. "Kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole: upana wa kucha tatu. Labda nne.

"Na karibureta?"

"Ile skrubu ya pembeni. Nusu mzunguko." Nikafikiri. "Mzunguko mzima."

Alivuta pumzi. Akamgeukia Deo, akamshika mkono wenye grisi kwa mikono yake miwili yenye grisi, akainamisha kichwa, akamwomba radhi kwa Kirundi, lugha ya utoto wa Deo. Deo akasema yamekwisha, gari la kwanza kati ya yale mawili limeshaondoka, twende kazini. Shida ikawa moja: ile taa yao ya kupimia ilibaki Gatsata. Deo akaikuna shingo yake.

"Mama Saidi," akasema. "Njoo uweke sikio."

Nikadhani ananidhihaki. Hakuwa anadhihaki. Akairudisha delko kwa kukisia, akailegeza skrubu ya karibureta, Zuhura akabonyeza, gari likakohoa likawaka, nami nikainama na masizi yangu yote. Akazungusha kidogo. Bado. Kidogo tena. Bado. Injini ikanyooka, ikanyooka, ikaimba, nikamgonga begani kama nilivyokuwa namgonga mwingine.

"Hapo."

Na Deo, akinitazama usoni, bila kuficha, akairudisha nyuma upana wa kucha moja, akakaza nati. Gari likaanza tena kutetemeka kama lina malaria.

Nikamwambia umeharibu, nimesema hapo.

"Ndiyo, mama. Hapo ni patamu ikiwa imesimama. Ukienda nayo hapo mlimani injini inagonga kama mawe kwenye kopo, inajivunja. Muzehe Musa alikuwa anangoja unasema 'hapo', unarudi jikoni, halafu anarudisha kucha moja. Kila siku. Mimi ndiye nilikuwa nashika spana."

Miaka thelathini. Nilitaka kukasirika, nikatafuta hasira sikuipata, nikauliza tu kwa nini hakuniambia.

"Alisema bila sikio lako hajui pa kuanzia," Deo akasema. "Na alisema ukijua utamnyima chakula."

(Ningemnyima.)

Wakaita mara ya tatu. Gari jekundu likaenda lenyewe mpaka kwenye mstari, linatetemeka, baya kabisa kulisikiliza, na bendera ikashuka. Sikuona kitu, nilikuwa nimefumba macho, lakini nilisikia. Kona ya kwanza sauti safi. Kona ya pili likapotea nyuma ya mlima na nikashika mkono wa Bi Mwajuma mpaka akalalamika. Halafu likatokea juu zaidi, linalia vizuri, mfululizo, hakuna mawe kwenye kopo, hakuna chafya, linapanda kama lilizaliwa kupanda, na lilipofika kileleni mwenye kipaza sauti akataja jina la mjukuu wangu lote, na la baba yake, na mimi nikakaa tena chini palepale barabarani, safari hii kwa hiari yangu.

Alikuwa wa nane kati ya kumi na mmoja. Yule mzee wa kamati alimwambia mwakani aje mapema achukue namba nzuri. Zuhura aliposhuka alinifuta uso kwa mate na kitambaa, kama nilivyokuwa namfuta yeye, na akasema mbele ya wote kwamba kuanzia sasa siku ya kutengeneza delko nitaitwa, na nitalipiwa moto, yaani pikipiki ya kunileta, ila nikishasema neno langu niondoke. Nimekubali. Nimeapa mbele ya wale wanawake sita kwamba spana sitaigusa tena, hata ikianguka chini nitaita mtu aiokote. Deo nimempelekea sinia la pilau Gatsata, nyama juu, na nimewaambia mafundi wenzake mmoja mmoja nani alizungusha nini.

Nafsi yangu imetulia, ukweli ni huo. Nalala vizuri. Ila Musa, nikifika huko aliko, kabla hata ya salamu, ana jambo la kunieleza.